Corvette na Thunderbird: Mizani Moja, Khatima Mbili

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyosema wahenga, na mwishoni mwa mwaka 1954 methali hiyo ilikuwa ikitoa hukumu yake waziwazi katika maduka ya magari ya Marekani. Upande mmoja yalisimama magari ya Chevrolet yaitwayo Corvette, mengi yao meupe pe, ya viti viwili, yasiyo na paa ila turubai, yakingoja wanunuzi wasiotokea. Katika magari 3,640 yaliyoundwa kwa mwaka huo, zaidi ya elfu moja yalikuwa hayajapata mwenyewe mwaka ulipokwisha. Upande wa pili, tangu tarehe 22 Oktoba, Ford walikuwa wameanza kuuza gari lao la viti viwili, Thunderbird, nalo halikuhitaji mpiga debe. Kwa mwaka wake wa kwanza, wa 1955, ziliundwa Thunderbird 16,155. Corvette za mwaka huohuo zilikuwa 700 tu.

Mtu aliyesimama siku zile baina ya magari hayo mawili, akayatazama kwa jicho la mfanyabiashara, angesema shauri limekwisha. Mmoja kashinda, mwingine kilichobaki ni kumchimbia kaburi. Lakini zaidi ya miaka 70 imepita, na Corvette ingali ikiundwa, tena ingali ya viti viwili. Thunderbird iliaga mwaka 1997, ikarejea kwa muda mfupi, ikaaga tena mwaka 2005. Aliyeshindwa amebaki barabarani, na aliyeshinda amebaki katika kumbukumbu. Mageuzi hayo hayakuletwa na bahati peke yake. Yana sababu zake, na sababu hizo zinamhusu hata mtu ambaye hajapata kushika usukani wa lolote kati ya magari hayo.

Corvette ilionekana kwa mara ya kwanza mwezi Januari 1953, katika hoteli ya Waldorf-Astoria mjini New York, ambako kampuni ya General Motors ilikuwa ikionyesha magari yake ya kesho. Aliyekuwa nyuma ya shauri hilo alikuwa Harley Earl, mkuu wa wasanii wa kampuni, mtu aliyewafundisha Wamarekani kulipenda gari kwa umbo lake kabla ya kuuliza habari za injini. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na askari waliorudi kutoka Ulaya walikuwa wameyaona huko magari madogo mepesi ya Waingereza, MG na Jaguar, ambayo kuyaendesha kulikuwa ni furaha na si safari tu. Viwanda vikubwa vya Marekani havikuwa na la kuwapa watu hao. Earl akataka liwepo. Jina likatokana na manowari ndogo yenye mbio, aina ya meli za kivita zilizokuwa zikisindikiza misafara baharini.

Watu walilipenda lilipokuwa juu ya jukwaa. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo gari la kwanza likatoka katika karakana ya Flint, jimbo la Michigan, na kabla ya mwaka kwisha yakaundwa 300, yote meupe kwa nje na mekundu kwa ndani, na sehemu kubwa ya kazi ikifanywa kwa mikono. Bodi yake haikuwa ya bati bali ya faiba, kwa kuwa kutengeneza kalibu za faiba kulikuwa rahisi na haraka kuliko kuchonga mashine za kukandamizia chuma kwa magari machache. Huo ulikuwa ujasiri. Lakini chini ya boneti hapakuwa na ujasiri wa kadiri hiyo. Iliwekwa injini ya silinda sita za mstari mmoja, ya nasaba ileile iliyokuwa ikivuta magari ya kawaida ya familia, ikaongezewa kabureta hadi zikawa tatu na nguvu zikafika farasi 150. Gia zilikuwa mbili tu, za kujibadili zenyewe, ilhali mpenda mbio alitaka gia za kubadili kwa mkono wake. Milango haikuwa na vitasa kwa nje, ikabidi mtu apenyeze mkono ndani ili ajifungulie. Hapakuwa na vioo vya kupandisha na kushusha, ila pazia za plastiki za kupachika, na mvua iliponyesha maji yalijua pa kupita.

Kwa hivyo gari hilo lilikuwa na umbo la mwanariadha na pumzi za karani. Aliyetaka raha hakuipata, na aliyetaka mbio hakuzipata. Bei yake ya dola 3,498 mwaka 1953 ilikuwa bei ya mtu mwenye nafasi, na mwenye nafasi havumilii kulowa.

Ford hawakulala. Kuna kisa kinachosimuliwa sana kwamba mkuu mmoja wa kampuni hiyo, Lewis Crusoe, aliyaona magari ya fahari katika maonyesho ya Paris mwaka 1951, akamuuliza msanii aliyefuatana naye kwa nini wao hawana kitu kama kile, na msanii akajibu kwamba wanacho, kisha akakimbilia simu kuwaambia vijana wa nyumbani waanze kazi. Kisa hicho kiwe kweli au kiwe kimetiwa chumvi, jambo moja halina shaka. Corvette ilipotokeza, kazi ya Ford ilipata shabaha. Mwezi Februari 1954 Thunderbird ikaonyeshwa Detroit, na waliozipima gari hizo mbili walikuta kwamba umbali baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni uleule katika zote mbili, inchi 102, bila kuzidi wala kupungua.

Msomaji aliyekulia katika ushairi wa Kiswahili hataona ajabu katika namba hiyo. Mshairi akitaka kumjibu mwenzake huchukua bahari ileile, mizani zilezile na aghalabu vina vilevile, ndipo hujenga hoja yake. Huwezi kumjibu mtu wa shairi kwa hotuba, kwani watu hawatapata pa kuwapimia. Ford walijibu kwa mizani ya Chevrolet, na kwa kuwa mizani zilikuwa moja, tofauti ya maneno ikadhihirika.

Na maneno yao yalikuwa haya: raha. Thunderbird ilikuwa na bodi ya chuma, vioo halisi vya milango, vitasa vya nje, na paa gumu la kuondoa na kurudisha, ambalo kwa kinaya cha mambo lilitengenezwa kwa faiba. Aliyetaka kuongeza fedha alipata vioo na viti vinavyosogezwa kwa umeme. Chini ya boneti palikuwa na injini ya V8 yenye nguvu zilizokaribia farasi 200. Ford hawakuliita gari la michezo. Waliliita gari la binafsi, yaani la mtu na nafsi yake, la kumpeleka mwenyewe kazini asubuhi na karamuni jioni bila kumharibia nguo. Jina lilitolewa na msanii wa kampuni, Alden Giberson, kutokana na ndege wa ngurumo anayesimuliwa katika hekaya za wenyeji wa asili wa Marekani. Chevrolet walichagua jina la chombo cha vita wakatoa gari lisilopigana, na Ford walichagua jina la ndege wa miungu wakatoa kitanda kizuri chenye magurudumu. Wanunuzi walijua wanachokitaka. Walitaka kitanda.

Hapa ndipo Corvette ilipokuwa ife. Katika General Motors walikuwamo wakubwa walioona hakuna haja ya kuendelea kutia fedha katika kisima kikavu, na mtu hawezi kuwalaumu, kwani hesabu zao zilikuwa sahihi. Aliyesimama kulitetea gari hilo hakuwa mwenye cheo. Alikuwa mhandisi mgeni, aliyeajiriwa mwezi Mei 1953, mwenye Kiingereza kizito cha lafudhi. Jina lake Zora Arkus-Duntov.

Maisha yake yalikuwa safari ya mtu ambaye kila nchi ilimfukuza au ilimchosha. Alizaliwa Brussels siku ya Krismasi mwaka 1909, na wazazi wake walikuwa Mayahudi wa Urusi. Ujana wake ulipita katika Urusi ya mapinduzi, masomo ya uhandisi akayafanya Berlin, na Hitler alipoitia Ulaya moto Duntov alikuwa Ufaransa. Ufaransa ilipoanguka mwaka 1940 yeye na watu wake walitoroka, wakafika New York. Huko, pamoja na ndugu yake Yura, alianzisha karakana iliyopata jina kwa kitu kimoja hasa, nacho ni vichwa vya silinda vyenye vali za juu, vilivyoundwa ili kuzipa nguvu zaidi injini za V8 za Ford. Ndiyo, za Ford. Mtu ambaye baadaye angeiokoa Corvette kwa ajili ya Chevrolet alijulikana kwanza kwa kuwasaidia wapenzi wa mshindani wake.

Duntov aliiona Corvette katika maonyesho yale ya Waldorf-Astoria. Umbo lake lilimteka, na vilivyokuwa chini ya umbo hilo vilimsikitisha. Akaandika barua kuomba kazi, na akaajiriwa. Kabla ya mwaka kwisha, mwezi Desemba 1953, aliwaandikia wakubwa wake waraka uliokuja kuwa mashuhuri, akieleza kwamba vijana wapenda mbio wa Marekani wamelelewa na Ford, wanasoma habari za Ford na wanafungua injini za Ford, na kwamba hawatageuka kwa maneno matupu. Injini mpya ya V8 iliyokuwa ikiandaliwa na Chevrolet ilikuwa nafasi ya kuwavuta, lakini kwa sharti kwamba kampuni itoe pia vipuri vya mbio na iwe tayari kushindana.

Waraka mwingine aliuandika mwezi Oktoba 1954, wakati Thunderbird inaingia sokoni na Corvette inanuka mauti. Hoja yake haikuwa kwamba gari lao ni zuri. Hakukana kushindwa. Alisema kwamba kuliacha wakati ule kungekuwa ni kukiri mbele ya watu kwamba kampuni haikuweza, na kwamba Ford akifaulu palepale Chevrolet ilipoanguka, jeraha lake lingezidi hasara ya fedha. Aligusa mahali ambapo hesabu haziwezi kugusa, yaani haya ya mtu mbele ya jirani yake.

Kwa hivyo aliyeiokoa Corvette, kwa maana moja, alikuwa ni Thunderbird. Lau Ford wasingalijibu, gari jeupe lisilonunuliwa lingalikufa kimyakimya mwaka 1955, likatajwa katika vitabu kama ndoto ya mzee Earl. Kuwepo kwa mshindani ndiko kulikoifanya aibu iwe na macho. Watu wengi humtazama hasimu kama mtu anayewanyima riziki, na hawamhesabii kwamba bila yeye wangalikwisha kulala zamani. Ghera ina ubaya wake, na nyumba nyingi imezivunja, lakini kuna kazi ambazo mapenzi peke yake hayazimalizi mpaka ghera iyashike mkono.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 1955 Corvette ikapewa injini ya V8 ya farasi 195, na takriban zote 700 za mwaka huo zikatoka nayo. Mwaka 1956 ikapata bodi mpya, na ndani ya bodi hiyo mlikuwa na vioo vya kupandisha na kushusha, na milangoni vitasa vya nje. Vitu hivyo viwili vilikuwa ni somo la Thunderbird, limesomwa bila kutaja mwalimu. Januari ya mwaka huo Duntov mwenyewe alikaa nyuma ya usukani kwenye mchanga wa ufuo wa Daytona, Florida, akaipeleka Corvette kwa mwendo wa maili 150 kwa saa. Mwaka 1957 zikaja gia nne za mkono, na injini iliyonyunyiziwa petroli moja kwa moja badala ya kutumia kabureta, ambayo katika nguvu zake za juu ilitoa farasi 283. Zilizoundwa mwaka huo zilikuwa 6,339. Idadi hiyo bado ilikuwa ndogo, kwani Thunderbird mwaka huohuo zilikuwa 21,380, lakini mgonjwa alikuwa amekaa kitako na kuomba chakula.

Sasa na itazamwe nyumba ya pili, ambako hapakuwa na msiba. Tangu mwaka 1955 kitengo cha magari ya Ford kiliongozwa na Robert McNamara, msomi wa Harvard, mmoja wa vijana walioingia katika kampuni hiyo mwaka 1946 baada ya kulitumikia jeshi la anga kwa elimu ya takwimu. Ni yeye huyu aliyekuja kuwa waziri wa ulinzi wa Marekani mwaka 1961. McNamara aliitazama Thunderbird akaona gari linalopendwa na wengi na kununuliwa na wachache. Wengi walioingia dukani waliisifu, wakaigusa, kisha wakauliza watoto watakaa wapi. Gari la watu wawili ni la mtu mwenye gari jingine nyumbani, au la mtu asiye na nyumba ya kurudia. Uamuzi wake ukawa kwamba, kama jina litaendelea, basi gari liwe la viti vinne. Thunderbird ya mwisho ya viti viwili vya awali ikatoka kiwandani mwezi Desemba 1957, na ya 1958 ikaja ndefu, pana, nzito, yenye nafasi ya watu wanne.

Ikauzwa kuliko ya mwanzo. Ziliundwa 37,892 kwa mwaka huo, ambao ulikuwa mwaka wa mdororo wa uchumi na maduka mengi ya magari yalikuwa yakilia. Kwa mwaka 1960 zikazidi 90,000. Haki itendeke hapa: McNamara hakukosea. Alichokiahidi kwa namba alikitimiza kwa namba, na mama aliyewaweka wanawe wawili katika viti vya nyuma vya Thunderbird ya 1960 hakusalitiwa na mtu. Wapo wanaolia machozi juu ya gari lile la viti viwili utadhani liliuawa. Halikuuawa. Lililipwa fedha ili liwe kitu kingine, likakubali.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini methali hii haiwafai Ford sawasawa, kwani wao hawakutia maji kwa uvivu. Walilikoroga upya kila mara kwa ustadi na kwa kumsikiliza mnywaji. Mwaka 1967 Thunderbird ikapata milango minne. Mwaka 1972 ikawa gari kubwa mno, lililoshirikiana maungo na Lincoln. Mwaka 1977 ikafanywa ya bei nafuu, na zikauzwa zaidi ya laki tatu. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na ukiisoma kila sababu peke yake utaiona ina mashiko. Ukizisoma zote kwa pamoja utakuta kwamba gari la mwisho halina hata kitu kimoja cha gari la kwanza isipokuwa jina.

Wanazuoni wa dini na wa falsafa hutofautisha baina ya dhati ya kitu na sifa zake. Sifa huja na kuondoka. Dhati ikiondoka, kitu chenyewe hakipo, hata kama watu wataendelea kukiita kwa jina la zamani. Corvette ilibadilishwa karibu kila sifa yake: injini, gia, vioo, vitasa, umbo, hata pahali ilipoundwa, kutoka Flint hadi St. Louis na kutoka St. Louis hadi Bowling Green, Kentucky, mwaka 1981. Waliokuwa wakiibadilisha walikuwa na jambo moja wasilolitia mkononi, nalo ni kwamba hili ni gari la watu wawili lililoundwa kwa ajili ya furaha ya kuliendesha. Thunderbird ilianza kwa kuguswa jambo lenyewe, na baada ya hapo hapakuwa na mahali pa kusema hapa basi. Aliyekwisha kuuza msingi hana hoja ya kukataa kuuza ukuta.

Katika Kiswahili neno sifa lina maana mbili, na zote mbili zinahusika. Ni hali ya kitu, na ni maneno ya kukitukuza. Thunderbird ilikuwa na sifa za maana ya pili tangu siku ya kwanza, na hizo ndizo zilizoifanya iwe mali ya umma, kila mtu akaona ana haki ya kusema iweje. Corvette haikusifiwa. Kwa kutosifiwa ikaachwa mikononi mwa wachache wenye kuijua, na wachache hao wakapata miaka ya kuitengeneza bila kelele. Ilikuwa ni neema iliyovaa nguo za adhabu, na waliokuwa wakiivaa hawakuijua. Mfasiri wa mashairi ataielewa hali hiyo kwa haraka, kwani yeye kila siku hubadili maneno yote ya shairi ili shairi libaki, na anajua kwamba kuna neno moja ambalo likihama, vyote alivyovihifadhi vinakuwa maiti iliyooshwa vizuri.

Hata hivyo ingekuwa dhuluma kumaliza kwa kuipigia Corvette makofi na kuiacha Thunderbird mlangoni. Gari lililoishi miaka mitatu tu katika umbo lake la viti viwili, kwa jumla ya magari 53,166, limeacha alama isiyolingana na umri wake. Mwaka 1973 George Lucas alitoa filamu ya American Graffiti, inayosimulia usiku mmoja wa vijana katika mji mdogo wa California mwaka 1962. Mmoja wao anamwona msichana mwenye nywele za dhahabu ndani ya Thunderbird nyeupe ya 1956, anapitwa, na usiku kucha anamtafuta asimpate. Asubuhi, akiwa ndani ya ndege inayomchukua kwenda masomoni, anatazama chini na kuliona gari jeupe likienda peke yake barabarani. Ingelikuwa Corvette, kisa kisingalikaa sawa, kwa kuwa Corvette mwaka 1962 ilikuwa dukani kwa yeyote mwenye fedha. Thunderbird ya viti viwili ilikuwa imekwisha kupita. Ilikuwa kitu ambacho fedha za kununulia gari jipya haziwezi kukirudisha, na kwa ajili hiyo kijana yule anaweza kuipungia mkono.

Ford wenyewe walijaribu kuirudisha. Kwa mwaka 2002 walitoa Thunderbird mpya ya viti viwili, yenye paa la kuondoa na vidirisha vya mviringo kama vya 1956. Ilipokewa kwa shangwe, na mwaka 2005 ikasimamishwa. Haikuwa mbaya. Ilikuja kuwakumbusha watu gari la zamani, na walipokwisha kukumbuka ikawa haina la kuongeza. Miaka 44 iliyokatika katikati haikuweza kuungwa kwa madirisha.

Corvette, kwa upande wake, iliendelea kuchelewa kutimiza ahadi zake. Duntov alitamani kwa muda mrefu kwamba injini ihamishiwe nyuma ya dereva, mahali ambapo mizani ya uzito wa gari la mbio hukaa vizuri. Alilisema jambo hilo, akaunda magari ya majaribio, akakataliwa, akastaafu mwanzoni mwa 1975, na mwezi Aprili 1996 akafariki dunia. Corvette ya kwanza ya kuuzwa iliyokuwa na injini nyuma ya viti ilionyeshwa Julai 2019, ikauzwa kama gari la mwaka 2020. Ombi la mgeni yule lilijibiwa miaka 23 baada ya kufa kwake, na viti vilikuwa vingali viwili.

Majivu ya Duntov yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya Corvette mjini Bowling Green. Alfajiri ya tarehe 12 Februari 2014 ardhi ilizama ndani ya jumba hilohilo, ikafungua shimo na kumeza magari manane. Miongoni mwao lilikuwamo jeusi la 1962, na jeupe la 1992 ambalo lilikuwa Corvette ya milioni moja, idadi iliyochukua karibu miaka 40 kufikiwa, ilhali Thunderbird zote kwa jumla zilipita milioni nne. Yote manane yalitolewa shimoni. Matatu yalitengenezwa, likiwamo lile jeusi na lile jeupe. Matano yaliachwa kama yalivyotoka, yamebondeka na kujaa udongo, yakarudishwa ukumbini yatazamwe. Mgeni anayeingia huko huyapita mapya yanayong'aa, akaenda kusimama mbele ya hayo matano.